Redio ya gari inawaka lakini haitoi sauti: anzia hapa kabla hujanunua nyingine

Mwongozo huu ni wa tatizo moja tu: redio inawaka, wimbo unaonekana unakwenda, lakini spika zote zimenyamaza kwa mpigo. Kama redio haiwaki kabisa, tafuta umeme wa waya wa njano na mwekundu nyuma yake, halafu fyuzi; hayo sitayaeleza hapa.

Nimeamua kuandika kwa sababu juzi dada mmoja mwenye Toyota Passo kaletwa kibandani kwangu, Ngamiani hapa Tanga, akiwa ameshaambiwa kwingine kuwa redio "imeungua aisii", yaani kile kipande cha ndani kinachokuza sauti, na bei ya nyingine ameshatajiwa. Redio ilikuwa nzima. Kilichoharibika ni waya mmoja.

Utahitaji mita ya digitali, bisibisi, betri ya rimoti ya 1.5 V na kitu cha kuchomea risasi. Taa ya kupimia, ile ya msumari na balbu, iache kwenye boksi. Ni nzuri kwa taa za breki. Ukibana klipu yake kwenye bodi, yaani chuma cha gari, halafu ukagusa waya wa spika, umeshaupa ule waya njia ya kwenda ethi, yaani hasi ya betri kupitia bodi, na hilo ndilo kosa lenyewe tunalolitafuta.

Hatua ya 1: Mipangilio

Angalia kitufe cha MUTE au ATT, kisha balansi ya kushoto na kulia, mbele na nyuma. Mtoto akikaa mbele lolote linawezekana. Jaribu FM, kisha flashi, kisha Bluetooth. Kama sauti imekata upande mmoja tu, chanzo si redio nzima; ruka hadi hatua ya 3, sehemu ya kupima nyaya.

Hatua ya 2: Itoe redio

Usichomoe plagi bado. Tazama kama kuna waya wa kahawia umeachwa wazi. Kwenye redio nyingi huo ni wa kunyamazisha simu inapoingia, ukigusa chuma redio inakaa kimya na wewe unahangaika na spika. Uzibe kwa tepu.

Hatua ya 3: Tafuta waya wa spika unaogusa bodi

Hapa ndipo watu wanapoliwa hela, kwa hiyo twende taratibu.

Kwenye redio za kisasa, waya wa hasi wa spika si ethi. Nyaya zote mbili za kila spika zinatoka kwenye aisii, na kila mmoja ukipimwa na bodi una kama nusu ya umeme wa betri, yaani karibu 6 V. Mmoja ukigusa bodi, aisii inajifunga isiungue, na redio nyingi hukata spika zote nne hata kama kosa liko kwenye mlango mmoja. Ndiyo maana unaona kimya cha ghafla, gari zima.

Washa redio, sauti chini. Weka mita kwenye DC, ncha nyeusi kwenye chuma cha bodi, ncha nyekundu kwenye kila waya wa spika, mmoja mmoja. Kwenye redio za kununua, nyeupe ni mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia. Wenye mstari mweusi ni hasi. Redio iliyokuja na gari kutoka Japani ina rangi zake, usizikisie.

Ukipata kama 6 V kote, aisii iko macho. Ukipata 0 kote, zima, achanisha nyaya zote nane za spika, ziba ncha zisigusane, washa tena. Zile 6 V zikirudi, redio ni nzima na ubovu uko kwenye nyaya. Zisiporudi hata spika zikiwa hazipo, hapo ndipo unaruhusiwa kuilaumu aisii.

Sasa redio ikiwa imezimwa na nyaya bado zimeachana, weka mita kwenye ohm, kipimo cha ukinzani wa waya. Pima jozi ya kila spika upande wa gari: spika ya ohm 4 husoma kati ya 3 na 4. Kisha pima kila waya na bodi. Hapo mita isisome kitu. Ikisoma chochote, umempata.

Lakini usiridhike mlango ukiwa umetulia. Fungua, funga, uache nusu, huku macho yako kwenye mita. Ile Passo, mlango wa dereva ukifungwa ilikuwa safi. Ukifika nusu, mita inashuka hadi karibu na sifuri. Nilipovuta ule mpira mweusi unaopitisha nyaya kati ya mlango na bodi, waya mmoja ulikuwa umechubuka kwa ndani, shaba imegeuka kijani. Mlango wa dereva ndio unaofunguliwa kuliko yote, na hewa yetu ya chumvi haiachi shaba iliyo wazi. Anza na huo kila mara.

Kama si huo, fungua kava la mlango. Tafuta skrubu iliyotoboa waya, kioo kinachokwaruza waya kikishuka, au miguu ya spika mpya yenye sumaku kubwa inayogusa bati. Nyuma, angalia chini ya reli za viti. Na ukikuta hasi zote zimefungwa pamoja na kupelekwa ethi, hiyo ni kazi ya mtu aliyezoea redio za zamani, zitenganishe zote.

Spika ukiitilia shaka, ichomoe kabisa, kisha gusisha betri ya 1.5 V kwenye miguu yake mara moja na kuachia. Ikilia "tok", koili, ule waya uliozungushwa ndani ya spika, haijakatika.

Hatua ya 4: Unganisha

Kata sehemu iliyooza hadi uone shaba inayong'aa, chomea risasi, vika ule mpira unaonywea kwa moto. Kusokota na kuzungushia tepu sikubali kwenye mlango: kwa joto letu gundi inayeyuka, tepu inateleza, na mteja anarudi. Acha waya mrefu kidogo ili mlango usiuvute. Karatasi ya plastiki ya ndani ya mlango irudishe. Wengi huitupa, kisha masika maji yanadondokea spika.

Hatua ya 5: Kama una amplifaya

Taa nyekundu ya tahadhari ikiwaka, rudia vipimo vya ohm kwenye nyaya zake. Isipowaka taa yoyote, pima waya wa buluu wenye mstari mweupe: redio ikiwa imewashwa uwe na kama 12 V. Kisha fyuzi iliyo karibu na betri; usiweke kubwa kuliko iliyokuwepo wala karatasi ya sigara. Mwisho ni ethi yake. Ikiwa imefungwa juu ya rangi, ifungue, kwangua hadi bati jeupe, kaza kwa nati, paka grisi juu.