Mlembe Mlangoni mwa Mzinga: Fungua Mzinga Kabla ya Kushika Manati

Katika manzuki (mahali pa kufugia nyuki) nyingi za misitu ya miombo ya Tabora, kosa ni lile lile kila msimu: mfugaji anamwona mlembe, ndege mla nta, akiingia na kutoka mzingani, anampiga kwa manati, kisha anakwenda zake bila kuufungua mzinga wenyewe. Mlembe hafuati asali. Chakula chake ni nta, majana (watoto) ya nyuki na viwavi vya nondo wa nta, na mzinga anaouingia kwa raha kiasi hicho kwa kawaida ni ule ambao nyuki wameuhama. Aliyempiga amemwua aliyemletea habari, na nondo wameachiwa masega.

Kagueni mizinga kila baada ya siku 14, wakati wa jioni, wala si mara moja tu kwa mwaka mnapokuja kuvuna. Mzinga ukiwa mtupu, masega yote yatolewe siku hiyo hiyo, si Jumamosi ijayo, na utando wa viwavi ukwanguliwe mpaka mbao zionekane. Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 za Selsiasi, kwa hiyo iyeyushwe ndani ya maji ya moto yasiyotokota. Kuiweka sufuria ya nta tupu juu ya moto ni kutafuta kuunguza nyumba. Machicha ya nta nayo yasitupwe chini ya mizinga, kwa sababu huita nyegere na siafu, kisha lawama mnambebesha ndege.

Mlembe mkubwa ana urefu wa sentimita 20 hivi. Dume ana koo jeusi, shavu jeupe na mdomo wa rangi ya waridi. Jike ni wa kahawia tu, lakini wote wawili huonyesha manyoya meupe ya pembeni mwa mkia wanaporuka. Anayedaka nyuki hewani ni keremkerem, mwenye mdomo mrefu uliopinda, na wengi wenu mnawachanganya. Jambo la ajabu ni kwamba mlembe hajengi kiota, bali hutaga katika matundu ya ndege wengine: ya zuwakulu, ya vigong'ota na hata ya keremkerem huyo huyo, ambamo kinda lake, lililoanguliwa na ndoano mdomoni, huwaua makinda ya mwenye nyumba. Kwa hiyo magogo makavu yenye matundu kandokando ya manzuki yasikatwe kuni.

Mzinga uliosafishwa ipasavyo utaujua kwa nyuki wapelelezi wanaozunguka mlangoni.