Baada ya shambulio la kigaidi: la kufanya unapojihisi huna la kufanya

Simu inatetema, picha moja inaonekana, na kabla hujajua hata idadi ya majeruhi moyo unaenda mbio na mikono imepoa. Mwili umejiandaa kukimbia au kupigana, ilhali wewe umeketi mbali na tukio, huna wa kumkimbia wala wa kumwokoa. Unyonge unaokushika unatoka hapo: nguvu zimeitwa, kazi hakuna. Kwa hiyo kujiambia "tulia" husaidia kidogo sana. Kinachosaidia ni kuupa mwili kazi ya kweli, hata ikiwa ndogo, yenye mwanzo na mwisho.

Anza na watu wako. Andika kwenye karatasi majina ya wale ambao huenda walikuwa karibu, kisha uwatumie ujumbe mfupi: "Uko salama? Jibu neno moja tu." Usipige. Mitandao ya simu hulemewa baada ya tukio kama hili, na ujumbe mfupi hupenya pale simu inapokataa kwa sababu hutumia nafasi ndogo na unaweza kusubiri zamu yake. Sababu ya pili ni nzito zaidi: ikiwa shambulio bado linaendelea, mlio wa simu unaweza kumfichua mtu aliyejificha. Familia imteue mmoja wa kukusanya majibu, la sivyo kila ndugu atamsumbua mtu yule yule mara kumi.

Ukishapata majibu, weka simu mbali. Hapa ndipo wengi hujiumiza bila kujua. Baada ya mabomu kulipuliwa kwenye mbio za marathoni za Boston mwaka 2013, watafiti waliwauliza maelfu ya Wamarekani kuhusu hali zao. Waliofuatilia habari za tukio kwa saa sita au zaidi kwa siku katika wiki ile ya kwanza waliripoti msongo mkali kuliko hata waliokuwa pale mabomu yalipolipuka. Kila video inaporudiwa, mwili huipokea kama hatari mpya. Mtoto mdogo ndiye hasa huchanganyikiwa, maana anaweza kuamini kwamba kila marudio ni shambulio jingine, kwa hiyo zima televisheni akiwapo, hata ukidhani anacheza tu.

Jipangie kusoma habari mara mbili kwa siku, dakika 15 hadi 20 kila mara, na isiwe karibu na wakati wa kulala. Soma maandishi badala ya kutazama video. Ingia kwenye mipangilio ya programu zako uzime video zinazojicheza zenyewe, na makundi yanayorusha picha za miili uyanyamazishe kwa wiki nzima. Ukijikuta umeifungua simu bila kukusudia, na utajikuta, ifunge tu na uendelee na ratiba yako.

Kutosambaza nako ni msaada. Novemba 2015, polisi wa Ubelgiji walipokuwa wakisaka washukiwa jijini Brussels, waliwaomba wananchi wasiandike mtandaoni mahali operesheni zinapofanyika. Watu waliitikia kwa kuujaza mtandao picha za paka badala ya habari za operesheni. Kinyume chake kilionekana Boston, ambako wapelelezi wa mtandaoni walimtaja mwanafunzi aliyekuwa amepotea kuwa ndiye mshukiwa. Hakuhusika kabisa, na familia yake, ambayo tayari ilikuwa ikimtafuta, ilibebeshwa matusi. Jina au picha ambayo mamlaka haijaitoa usiipeleke kwa yeyote, hata kwa kuuliza "ni kweli?"

Sasa damu, maana ndilo jambo la kwanza linalomjia kila mwenye moyo wa kusaidia. Damu inayookoa majeruhi katika saa za mwanzo ni ile iliyokuwa tayari kwenye jokofu, kwa sababu inayotolewa leo lazima kwanza ipimwe maambukizi. Chembe nyekundu huhifadhiwa hadi siku 42 hivi, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, siku tano hadi saba tu. Baada ya mashambulio ya Septemba 11, 2001, Wamarekani walipanga foleni ndefu kuchangia, na sehemu ya damu hiyo ikamwagwa kwa kupitwa na muda. Kwa hiyo, kituo kikitangaza kwamba kinahitaji kundi lako, nenda leo. Kisipotangaza, jiandikishe na uchukue tarehe ya wiki ya nne au ya sita, foleni itakapokuwa imeisha. Siku hiyo kula kwanza, kunywa maji karibu nusu lita kabla ya kuingia, na ubebe kitambulisho. Watachukua takriban mililita 450. Wanaozimia mara nyingi ni wale waliokuja na njaa au walioinuka haraka.

Pesa toa kwa taasisi iliyokuwapo kabla ya tukio. Anwani yake iandike mwenyewe, usibofye kiungo ulichotumiwa, kwa sababu matapeli hufungua kurasa za michango ndani ya saa chache.

Kazi inayoondoa unyonge kuliko zote, kwa maoni yetu, ni kujifunza kuzuia damu. Mtu aliyekatika mshipa mkubwa anaweza kufa ndani ya dakika chache, kabla gari la wagonjwa halijafika, na aliye karibu naye huwa ni mwananchi wa kawaida. Gandamiza jeraha kwa kitambaa na mikono miwili, viwiko vikiwa vimenyooka, ukiuegemeza uzito wako wote. Usiinue kuchungulia, utabandua damu iliyoanza kuganda. Ikiwa ni mkono au mguu na damu haikomi, funga mkanda mpana kati ya jeraha na moyo, sentimita 5 hadi 7 kutoka kwenye jeraha, si kwenye kiwiko wala goti, ingiza kijiti kigumu na uuzungushe mpaka damu ikome. Majeruhi atalia kwa maumivu, usilegeze. Mkanda uliolegea huziba njia ya damu inayorudi moyoni huku inayotoka moyoni ikiendelea kupita, na jeraha huvuja zaidi. Andika saa uliyofunga. Maelezo haya hayatoshi peke yake: mikono hujifunza kwa kufanya, kwa hiyo tafuta mafunzo ya Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu.

Kisha mtazame jirani ambaye mavazi, jina au imani yake itamfanya ashukiwe. Siku nne baada ya Septemba 11, Balbir Singh Sodhi, Kalasinga, aliuawa kwa risasi huko Arizona na mtu aliyemlipizia kosa asilolijua. Mpigie hodi na umwulize kama angependa mtu wa kumsindikiza kazini au kumpeleka mtoto shule.

Ukikaa na aliyenusurika, mpe maji, msikilize akitaka kusema, mwunganishe na ndugu zake. Usimlazimishe asimulie yote. Kumchimba mtu katika kikao kimoja cha mapema hakumkingi na kunaweza kumwumiza.

Nawe, usingizi wa kukatika, hasira za ghafla na kushtushwa na mlango ni vya kawaida katika wiki za kwanza. Vikidumu zaidi ya mwezi, au ukianza kuhitaji pombe ili ulale, nenda kwa mtaalamu wa afya ya akili. Ukiwaza kujidhuru, usingoje mwezi uishe: nenda siku hiyo hiyo, na usiende peke yako.