SOMO: Kuboresha mfumo wa muziki nyumbani kidogo kidogo, ukianza na sabufa uliyonayo

Wakuu, salaam. Wengi mmekuwa mkiuliza mnunue nini ili muziki usikike vizuri sebuleni, na karibu kila swali linaanza na amplifaya yenye wati nyingi. Mimi naamini mpangilio unaomfaa mtu wa kipato cha kawaida ni huu: kwanza chumba, pili spika, tatu amplifaya, nne chanzo cha muziki, na waya mwisho kabisa. Badilisha kitu kimoja, kaa nacho wiki kadhaa, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha vitatu kwa mkupuo hutajua kipi kimesaidia na kipi kimekula hela bure.

Kabla ya kutoa hata senti, chagua nyimbo chache unazozijua mpaka pumzi za mwimbaji. Mimi napenda muziki wa dansi wa zamani, kwa sababu una magita matatu yanayopishana: solo, rithimu na besi. Kwenye sabufa nyingi gita la rithimu linamezwa kabisa. Taarabu yenye fidla na ganuni inafaa pia, na kwaya inafaa sana kwa kupima sauti za watu. Nyimbo hizo hizo zitumie kila hatua, na kila unapolinganisha vitu viwili hakikisha vinapiga kwa ukubwa mmoja wa sauti. Sikio hupenda kinachopiga kwa nguvu zaidi, hata kama ndicho kibovu. Programu ya kupima desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwenye simu inatosha kwa kazi hiyo.

HATUA YA 1: CHUMBA NA MKAO WA SPIKA

Hatua hii ni ya bure au karibu na bure, na ndiyo watu wanairuka.

Sebule zetu nyingi zina kuta za tofali za saruji, vigae chini na madirisha ya alumini. Sauti inagonga huku na kule haina pa kufia. Simama katikati ya chumba, piga kofi moja. Ukisikia mlio unaojirudia haraka haraka juu ya kofi lenyewe, hata spika ya mamilioni itasikika kali na yenye fujo humo ndani. Tandika zulia au mikeka kati ya spika na kochi, weka mapazia mazito, sogeza kabati lenye vitabu na vitu mchanganyiko kwenye ukuta mtupu. Makochi ya sponji yanasaidia mno. Vile vipande vya povu jembamba vya kubandika ukutani sivipendekezi: vinakula sauti nyembamba tu na kuacha mvumo wa besi palepale ulipo.

Sasa mkao. Toa spika ndani ya kabati la TV. Umbali kati ya spika mbili ulingane na umbali wa kutoka kila spika hadi unapokaa, na twita (vile vispika vidogo vya sauti nyembamba) ziwe usawa wa masikio yako ukiwa umeketi. Stuli nzito au tofali zilizovishwa kitambaa zinafanya kazi nzuri. Anza na sentimita 30 hadi 50 kutoka ukuta wa nyuma. Kila ukuta unaokaribiwa huongeza besi, na kona huongeza zaidi, kwa hiyo besi ikivuma sogeza spika mbele sentimita 10, sikiliza, sogeza tena.

Kupima kama umepatia, cheza rekodi ya zamani ya mono, yaani yenye sauti ileile kwenye spika zote mbili. Bendi nzima inatakiwa isimame katikati, pale ambapo hakuna spika. Ikiwa sauti imetawanyika, au besi imepotea, huenda spika moja imefungwa kinyume. Angalia nyekundu kwenye nyekundu na nyeusi kwenye nyeusi. Kama alama zimefutika, chomoa waya kwenye amplifaya na ugusishe betri ndogo ya volti 1.5 kwenye ncha zake kwa sekunde moja: koni (ile sehemu ya mbele ya spika inayotikisika) ikisogea nje, ncha iliyogusa chanya ya betri ndiyo chanya.

HATUA YA 2: SPIKA

Hapa ndipo nusu ya bajeti yako iende, na sioni haya kusema hata zaidi ya nusu. Amplifaya nzima ya kawaida haiharibu sauti kwa kiasi ambacho sikio litakijua kirahisi. Spika ndiyo inayoharibu, hasa kwenye besi, na kila spika ina tabia yake.

Kwa chumba cha mita 4 kwa 4, spika mbili za ukubwa wa kati zenye besi ya inchi 5 hadi 6.5 na twita moja kila upande zinatosha kabisa. Usidanganywe na boksi kubwa lenye koni tano. Nyingine hazifanyi kazi yoyote ila kupendezesha.

Mtumba ndio mkombozi wetu. Spika za miaka ya 1980 na 1990 za Wharfedale, KEF, JBL, Yamaha na wenzao zinaingia na mizigo ya mtumba kutoka Ulaya na Japani, na ukitulia Kariakoo au Zanzibar utazikuta. Ila tuelewane kuhusu ule ukingo unaoshika koni, ambao mafundi wengi wanauita sponji. Ukiwa wa povu, joto na unyevu wa Pwani huuozesha. Nje unaonekana mzima, ukiugusa unakatika kama keki. Ukingo wa mpira au wa kitambaa unadumu zaidi. Kwa hiyo ondoa kile kitambaa cha mbele, bonyeza ukingo taratibu kwa kidole. Kisha sukuma koni ndani kwa vidole vya mikono miwili, polepole na sawasawa: ukisikia mkwaruzo, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) imepinda au imeungua, achana nayo. Halafu piga muziki, geuza balansi kushoto kabisa, kisha kulia kabisa, na uweke sikio kwenye kila twita. Twita iliyokufa ndiyo ulemavu unaofichika kirahisi zaidi, maana spika bado inapiga.

Nyuma ya spika soma namba mbili. Ya kwanza ni omu, yaani ukinzani wa spika kwa umeme: 8 ni salama kwa amplifaya karibu yoyote, 4 inahitaji amplifaya iliyoandikwa kwamba inaimudu. Ya pili ni desibeli kwa wati 1 kwa mita 1, yaani sauti unayopata ukiipa spika wati moja na kuipimia mita moja mbele yake. Spika ya 89 inahitaji nusu tu ya nguvu inayohitajiwa na ya 86 ili zitoe sauti sawa. Namba hii ina maana kuliko wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa mbele.

HATUA YA 3: AMPLIFAYA NA UMEME WAKE

Wati za PMPO zisahau moja kwa moja, ni namba za kuuzia boksi. Tafuta wati za RMS, yaani nguvu halisi ambayo amplifaya inaitoa mfululizo. Na ujue kwamba kutoka wati 50 kwenda 100 unapata desibeli 3 tu, ongezeko dogo la sauti. Ili sikio lione sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji kama nguvu mara kumi. NAD 3020, amplifaya iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1970 na kupata sifa dunia nzima, iliandikwa wati 20 kwa kila upande. Kwa sebule ya kawaida, wati 20 hadi 50 za kweli zinatosha.

Amplifaya ya mtumba ipime hivi. Zungusha vitufe vyote: mkwaruzo unatibika kwa dawa ya kusafishia, lakini upande mmoja kukatika kabisa ni dalili ya kazi zaidi. Sauti ikiwa chini kabisa, weka sikio kwenye spika; mvumo mzito maana yake mara nyingi kapasita za umeme zimechoka. Mwombe fundi apime kwa multimita volti za moja kwa moja (DC) kwenye matundu ya spika bila spika kuunganishwa. Kwa amplifaya ya transista, chini ya milivolti 50 ni salama. Ikipita 100 itengenezwe kwanza, vinginevyo itakuunguzia spika.

Umeme wetu ni wa volti 230, na ndio unaoua vyombo vingi. Weka kile kilinzi cha friji chenye kuchelewesha umeme kurudi, au stabilaiza. Umeme ukikatika, zima swichi ya amplifaya na usiiwashe mpaka utulie.

Na kingine: twita nyingi huungua kwa amplifaya ndogo iliyolazimishwa kupiga kupita uwezo wake. Sauti ikianza kupasuka, shusha hapohapo.

HATUA YA 4: CHANZO CHA MUZIKI

Sasa ndipo ubovu wa faili zako utajitokeza, kwa sababu spika nzuri hazifichi. CD inabeba kilobiti 1,411 kwa sekunde. MP3 ya kilobiti 128 iliyozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp imetupa zaidi ya asilimia 90 ya hizo. Tafuta faili za FLAC (zinazobanwa bila kutupa sauti yoyote), au nunua CD halisi uzihamishie kwenye kompyuta. Bluetooth inafaa kwa kusikiliza huku unapika. Kwa kukaa na kusikiliza, tumia waya au kifaa kidogo cha nje cha kugeuza dijitali kuwa sauti, kinachochomekwa kwenye USB ya simu au kompyuta. Vya bei ndogo siku hizi ni vizuri kweli.

HATUA YA 5: WAYA

Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 au 2.5, ule wa fundi umeme, unatosha kwa umbali wa sebule. Jihadhari na alumini iliyopakwa shaba: kwangua kwa kisu, ukiona weupe ndani rudisha. Sina zaidi ya kusema hapa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Mwanza: Mkuu, ahsante kwa somo. Nina sabufa ya 3.1 (boksi moja la besi na spika ndogo tatu). Nikinunua spika mbili za mtumba, naweza kuziunga palepale kwenye matundu ya spika zake ndogo?

Jibu: Zitapiga, mkuu, lakini hutapata faida yake. Matundu yale mara nyingi yana nguvu kidogo, na sabufa nyingi hukata besi isiende huko. Kama unajaribu, zisiwe na omu chini ya zile zilizoandikwa nyuma ya sabufa. Njia nzuri ni kununua amplifaya baadaye, spika ziende kwenye amplifaya, na sabufa libaki na kazi ya besi tu. Lichukue sauti kwenye tundu la PRE OUT nyuma ya amplifaya, ambalo sauti yake inafuata kitufe cha sauti. Ukitumia REC OUT (tundu la kurekodia), kitufe cha sauti cha amplifaya hakitaliamuru, utakuwa unashusha muziki na besi inabaki juu.

Mdau wa Morogoro: Shikamoo mkubwa. Kaka yangu yuko Marekani, anataka kuniletea amplifaya na mashine ya santuri. Kuna tatizo?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Mwambie aangalie nyuma kwanza. Kama kuna swichi ya kuchagua 120 na 230 au 240, mmepona. Kama imeandikwa 120 pekee, unahitaji transfoma ya kushusha, na uwezo wake uzidi matumizi ya juu ya amplifaya kwa nafasi ya kutosha. Ya Japani ni volti 100, transfoma ya 110 iliyojaa sokoni siyo yake. Kuhusu santuri, kuna jambo la ziada: umeme wa Marekani una hetzi 60, wetu 50. Santuri za zamani ambazo mota yake inafuata hetzi za umeme zitazunguka polepole hapa hata ukiweka transfoma. Achague yenye mota ya DC, isiyofuata hetzi za umeme.

Mdau wa Mombasa: Nikiunga laputopu kwenye amplifaya kuna mvumo. Nikichomoa chaja unaisha. Fundi anasema nikate ule mguu wa ethi (wa ardhini) kwenye plagi.

Jibu: Usikate, ndugu yangu, mguu huo ndio unaokulinda usipigwe na umeme. Amplifaya na laputopu zimepata njia mbili za ethi na mvumo unapita katikati. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Ukibaki, kuna kifaa kidogo chenye transfoma za kutenganisha sauti, kinakaa kwenye waya wa RCA, ule wa kupeleka sauti kwenye amplifaya. Ukiwa na king'amuzi, jaribu pia kuchomoa waya wa dishi, maana nao huleta shida hiyohiyo.

Mdau wa Kasulu: Sisi tunatumia sola, betri ya volti 12. Tumesahaulika?

Jibu: Hapana, tena mna bahati ya umeme usio na mvumo. Tafuteni amplifaya ndogo za daraja D (Class D, zisizopoteza umeme mwingi) zinazokubali volti 12 hadi 24. Kwa volti 12 na spika ya omu 8 mtapata wati chache, kama 8 hivi. Nguvu hupanda mara nne volti zikiongezeka mara mbili, kwa hiyo mwenye betri mbili zilizofungwa kwa mfululizo atasikia tofauti kubwa. Spika za desibeli 90 na zaidi ndizo zenu. Wekeni fyuzi karibu na betri, hilo msilikose.

Mdada wa Tanga: Nimepata spika nzuri kwa bei ya kutupa, sponji ndiyo imeoza. Fundi anataka abadilishe spika nzima za ndani aweke mpya za dukani.

Jibu: Dada, mkatalie. Spika ya ndani, boksi na krosova (saketi inayogawa besi na sauti nyembamba) vilipimwa pamoja kiwandani. Akiweka nyingine umenunua boksi tu. Agiza ukingo mpya wa kipenyo kilekile, pima koni na fremu kwa rula kabla ya kuagiza. Mabaki ya povu na gundi ya zamani yasafishwe yote kwa spiriti. Wakati wa kugandisha, koni ikae katikati kabisa: isukume kidogo kila upande, isikwaruze popote. Kisha gundi iachwe ikauke usiku mzima kabla ya kuipigisha.