Mashine ya kuchanganyia baiodizeli: pipa moja, pampu moja

Jamani yale mafuta ya chipsi na ya kukaangia samaki yanayomwagwa mtaroni huku Kirumba na Igoma, Mwanza, yananiuma sana, maana mitaro hiyo inaishia ziwani, wakati mafuta hayo hayo ukiyageuza kuwa baiodizeli, yaani dizeli ya mafuta ya kula, yanaweza kuendesha jenereta la dizeli. Kuyageuza unayachanganya na methano (methanoli, aina ya spiriti) na kostiki soda; watu wengi hesabu za vipimo wanazijua, wanakwama kwenye kuchanganya. Methano na mafuta havishikani, ukimimina tu methano inaelea juu, kwa hiyo lazima vizungushwe kwa nguvu saa nzima au zaidi.

Mi nilianza na drili yenye fimbo ndani ya ndoo wazi. Usifanye hivyo kabisa. Drili inatoa cheche, mvuke wa methano unashika moto haraka na mwali wake mchana karibu hauonekani, tena ni sumu, inapofusha macho. Chombo kiwe kimefungwa, pampu ndo ikoroge.

Tafuta pipa la chuma la lita 200 lenye mfuniko wa ringi, lililobeba mafuta ya kula. La petroli au thina usimpelekee fundi wa kuchomelea, linaweza kulipuka. Fundi achomelee soketi ya inchi moja chini kabisa na miguu ya kuliinua. Hapo unafunga koki, kisha tii (kiungo cha bomba chenye midomo mitatu), kisha pampu ya maji ya nusu hosipawa, halafu bomba linapanda na kurudi ndani ya pipa kwa juu, mdomo wake ukiupindisha pembeni mafuta yanazunguka kama kimbunga na hakuna kona inayolala. Mfunikoni toa mpira wa kupumulia uende nje, juu, mbali na watu. Mabomba yawe chuma cheusi, pampu isiwe ya alumini, maana kostiki soda inakula alumini na zinki na kutoa gesi ya haidrojeni inayowaka, na mpira wa kawaida unavimba unalainika.

Ile tii ndo siri yenyewe. Mguu wake wa pili una koki ndogo na mpira unaoingia kwenye dumu gumu la plastiki lenye mchanganyiko wa methano na kostiki, pampu inauvuta taratibu, dakika kumi hivi, hakuna kumimina wala kunusa.

Jaribu kwanza na maji uone panapovuja, halafu kausha kila kitu, maji yakibaki unapata sabuni.

Siku ya kazi, mafuta lita 100 yachujwe, yachemshwe maji yaishe, jiko likiwa upande wa pili wa uwanja, yakipoa hadi nyuzi 55 ndo unaweka kwenye pipa (methano inachemka kwenye 65). Moto wote uzimwe, swichi ya pampu iwe mbali, na hii kazi ni nje, miwani na glavu mkononi. Methano lita 20, kostiki gramu 350 kwa mafuta mapya, yaliyotumika yanataka zaidi kwa hiyo pima asidi yake kwanza.

Baada ya saa moja na nusu zima, acha ilale usiku kucha, asubuhi gliserini nyeusi, yale masalia mazito yaliyotuama, itoe kwa koki ya chini. Halafu chukua mililita 3 za baiodizeli tia kwenye mililita 27 za methano safi, tikisa, ukiona mafuta yametuama chini ujue hayajageuka yote, rudisha kwenye pipa uzungushe tena kabla hujaanza kuiosha baiodizeli kwa maji.