Kabla ya kwenda ng'ambo kufundisha Kiingereza, chunguza sauti za lugha ya wanafunzi wako

Ukishajua nchi utakayokwenda, tenga jioni moja uandike sauti za Kiingereza ambazo lugha ya huko haina, kisha kila sauti uitafutie jozi tano za maneno yanayotofautiana kwa sauti hiyo tu. Nimelijua hili baada ya wiki nzima ya kudhani darasa halinisikilizi, kumbe masikio yao hayakuwa yakiitambua tofauti niliyokuwa nikiisisitiza. Kijapani hakitenganishi L na R, hivyo "light" na "right" humfikia mwanafunzi kama neno moja. Kiarabu fasaha hakina P, ndiyo maana "park" hutoka "bark". Wasemaji wa Kihispania nao hutanguliza e neno likianza na s inayofuatwa na konsonanti: "school" inakuwa "eschool". Huo si uzembe hata kidogo, na mwalimu anayelijua hilo mapema hakasiriki ovyo.

Anza na kusikia, si kutamka. Taja neno moja la jozi, wao wanyooshe kidole kimoja au viwili kuonyesha ni lipi. Sikio likizoea, ulimi hupata pa kushika. Dakika tano mwanzoni mwa kipindi zinatosha.

Mbinu hii hukwama darasa likiwa na watu wa lugha mama nyingi, maana jozi inayomfaa mmoja humchosha mwenzake. Hapo wasikilize kwanza, uchague sauti zinazowasumbua wengi. Na kama bado hawana maneno ya kuunda sentensi, iweke karatasi ya jozi zako kando kwanza, uwape msamiati.