Mkitembea wawili kiangazi, maji msiyaweke begi moja

Wapenzi wanaopanga kutembea mwendo mrefu kando ya Ziwa Victoria hapa Mwanza, tuseme Igombe kuelekea Kayenze, wakati wa kiangazi: kila mtu abebe maji yake. Mimi na mke wangu tuliwahi kuyaweka yote kwenye begi langu. Yeye akawa anaona haya kuniomba kila mara, akanywa kidogo mno, na kufikia saa sita kichwa kilikuwa kinamgonga na miguu imekaza. Niliumia sana, maana alikuwa ananihurumia mimi mbebaji.

Sasa kila mmoja anabeba lita 3, tunaondoka saa 12 asubuhi, na saa 5 tuko kivulini. Mawe yetu ya Mwanza yakishapata jua yanarudisha joto kama kikaango. Lita moja tunaichanganya nyumbani: maji safi, sukari vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Usizidishe chumvi. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, keti unywe.

Na Ziwa lile pale lisikudanganye. Kuchemsha kunayafanya maji yanyweke, lakini kichocho, ugonjwa wa vimelea vya majini, huingia kupitia ngozi, kwa hiyo hata kutumbukiza miguu kwenye maji yenye majani ufukweni ni hatari. Mkishajilowesha, nendeni mkapime kichocho baada ya wiki 6 hadi 8, hata kama hamjisikii vibaya.

Mwenzako akinyamaza ghafla njiani, simama umuulize.