Kuunguza uvimbe mdogo wa ini kwa sindano: anza na upande wa ndani

Wiki hii nimemsaidia daktari kijana hapa Kampala kupanga mgonjwa wake wa kwanza wa kuunguzwa uvimbe wa saratani ya ini. Haya ndiyo tuliyofuata.

1. Mgonjwa. Uvimbe usizidi sentimita 3, na ini liwe bado linajimudu. Wagonjwa wengi hapa tunawapokea wakiwa na homa ya ini B, kwa hiyo mara nyingi ini lina makovu tayari. Pima INR (kasi ya damu kuganda) na chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda. Chembe sahani zikiwa chini ya 50,000 kwa mikrolita siingizi sindano.

2. Ultrasaundi. Piga mwenyewe, mgonjwa akilala vilevile atakavyolala siku ya kazi. "Mzee, vuta pumzi, ishike." Uvimbe uliofichwa na mbavu huteremka ukauona.

3. Sindano. Hapa usiharakishe. Kati ya njia mbili za kupasha sindano joto, napendelea maikrowevu kuliko mawimbi ya redio: joto hupanda upesi, na damu ya mshipa wa jirani hailipozi sana.

Lenga kuunguza uvimbe pamoja na angalau milimita 5 za ini lisilo na uvimbe kila upande. Uvimbe wa sentimita 2.5 unadai sentimita 3.5. Mara nyingi sindano moja haitoshi, na hapo ndipo nilipokosea zamani. Nilianza na upande wa juu kwa sababu ulifikika kwa urahisi. Wingu jeupe la viputo likatanda kwenye skrini, kivuli chake kikafunika chote kilichokuwa chini. Tulingoja zaidi ya saa nzima, mgonjwa yuko usingizini, kisha tukaacha. Mzee yule alilazimika kurudi tena kutoka Arua, mbali kaskazini-magharibi mwa Uganda.

Tangu hapo, naanza na sehemu ya ndani kabisa. Nikiwa na sindano mbili, naziweka zote kabla ya kuwasha mashine, na ncha naithibitisha kwa pande mbili za picha. Wingu lile pia si kipimo cha nyama iliyokufa, usilipime kwa rula. Utumbo ukigusa ini, usukume kwa maji ya deksitrosi 5%. Kwa mawimbi ya redio usitumie maji ya chumvi, hupitisha umeme.

4. Kuunguza. Jenereta ya umeme iwe tayari. Fuata jedwali la mashine la nguvu na muda. Ukitoa sindano, unguza njia yake polepole, kuzuia damu na mbegu za saratani.

5. Baadaye. Homa ndogo siku chache ni kawaida; homa kali yenye kutetemeka arudi siku hiyohiyo. Dawa za homa ya ini B asiziache. CT (picha ya eksirei ya kompyuta) yenye dawa ya kuangaza baada ya mwezi: kinundu au ukingo mnene usio sawa ukingoni unaong'aa mapema dawa ikiingia, huenda uvimbe umebaki.